Semeni binti Paulo na Kuku wa Wajina Wake

Baba Paroko, Mwenyekiti wetu wa kijiji, wakwe zetu mliotoka Puma tangu alfajiri, majirani wa hapa Misigiri, na ninyi mliosimama kule barabarani kwa sababu viti vimekwisha, poleni na msiba, mimi naitwa Magdalena, ni dada wa Filipo aliyekuwa mume wa marehemu, kwa hiyo ninayemsoma hapa ni wifi yangu wa miaka hamsini na saba. Najua wengi mlitegemea asimame Sixbert mwenye tai, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza na ndiye amesoma, na kweli Sixbert aliandika historia ya mama yake, nzuri, imepigwa chapa, ila jana usiku aliponisomea nikamwuliza, "Baba, huyu Febronia unayetaka tumzike ni nani, mbona mimi simfahamu?", akacheka, halafu akaacha kucheka, akaniachia kalamu. Basi mwandiko ni wa darasa la nne la zamani na miwani ni ya kuazima, nikikwama mnivumilie.

Marehemu Semeni binti Paulo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 katika kijiji cha Puma, ambako leo ni wilaya ya Ikungi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Paulo na mama Kristina, wote marehemu, na hapa lazima nisimame kidogo, maana kuzaliwa kwake na jina lake ni kitu kimoja, huwezi kusoma hiki ukaacha kile. Mzee Paulo alikuwa ameondoka mapema mwaka uliotangulia kwenda Tanga kukata mkonge, manamba kama walivyokuwa wakienda vijana wote wa huku, na alikuwa anadaiwa kodi ya kichwa, tarishi wa mtemi alikuwa anamwulizia kila wiki, kwa hiyo aliposikia baba yake mzazi amefariki alirudi Puma kwa kujificha, akalia kaburini, akalala kwa mkewe, akaondoka bila jirani yeyote kumwona, na mkewe akaapa hatamtaja. Tumbo lilipotokea mnadhani nini kilifuata, wanawake wa kisimani walihesabu miezi, wakahesabu tena, wakasema mume yuko Tanga na mimba iko Puma, imepanda treni gani, wakamtaja mchunga ng'ombe, wakamtaja mwuza chumvi, wengine wakamtaja hata katekista, Mungu awasamehe, na Kristina hakujibu, maana angejibu angemtoa mumewe kwa tarishi.

Mtoto alipozaliwa, mkunga akamwuliza mama, "Haya, tumwiteje?", na nje ya mlango walikuwa wamekaa walewale wa kisimani wakijifanya wameleta uji, Kristina akapaza sauti ili wasikie vizuri, akasema, "Mwiteni Semeni". Hilo ndilo neno pekee alilowajibu kwa muda wote ule, na lilitosha. Mwaka 1951 mzee Paulo alirudi na fedha ya kodi mkononi, akalipa, ndipo akaeleza mbele ya watu kwamba alikuja na siku aliyokuja, lakini maelezo yenyewe hayakuhitajika sana, kwa sababu yule binti alikuwa na mwanya wa baba yake na masikio ya baba yake, yale masikio mliyoyaona jana wakati wa kuaga, na wale wanawake wakaanza kupita njia ya nyuma kwenda kisimani.

Sasa msifikiri jina lile lilikuwa la aibu. Mama yangu alikuwa akisema zamani mtu hakuwa na polisi wala balozi wa kumshtakia masengenyo, alikuwa na mtoto wake tu, anampa jina, na kila akimwita aje kula ugali majirani wanakumbuka walichosema. Baada ya Kristina wakafuata wengine, aliyesemwa na mke mwenza akazaa Semeni, aliyeambiwa tasa akazaa Semeni, aliyeolewa na mzee mwenye meno mawili naye akazaa Semeni, hata Waislamu wenzetu wa Singida mjini walikuwa nalo, na miaka ya sitini ukisimama sokoni Utemini ukaita Semeni mara moja, waligeuka wanawake wa kutosha kuchimba kisima. Wifi yangu alipoletwa hapa Misigiri akiwa mwali alikuta Semeni wawili wametangulia, ikabidi tuwagawe, Semeni Mrefu, Semeni wa Mashine, na yeye tukamwita Semeni wa Filipo, akasema sawa, ila akaongeza kwamba hao wengine wameiga, mwenye jina ni yeye.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1958 akamaliza darasa la nne mwaka 1961, na alikuwa anajua hesabu za kichwa kuliko kaka zake, lakini kaka zake ndio walioendelea, mnajua mambo ya wakati ule. Alibatizwa Jumamosi Kuu ya mwaka 1959, na katekista, si yule aliyetajwa kisimani, huyu alikuwa mwingine, akamwambia Semeni si jina la mtakatifu yeyote aliyemsikia, akampa Febronia, kwa sababu aliyekuwa mbele yake kwenye mstari alikuwa amekwisha kupewa Magdalena, na marehemu alikuwa akinitania kila tukigombana, "Wewe wifi ulikuwa uwe mimi, bahati yako ulikuwa foleni ya parokia nyingine." Kwa hiyo Febronia ni jina lake la kweli la ubatizo, silikatai mbele ya Baba Paroko, lakini alilivaa kama watu wanavyovaa viatu vya Jumapili, akitoka kanisani anavivua.

Ndoa yake na kaka yangu Filipo ilifungwa tarehe 7 Septemba 1968, ng'ombe walitoka kwetu na mbuzi wa nyongeza, na siri ya nyumba ni kwamba baba yetu alisita kidogo aliposikia jina la mchumba, akasema binti mwenye jina la kusuta ataleta maneno nyumbani, Filipo akamjibu kwa adabu, "Baba, shikamoo, maneno hapa yapo tayari, anakuja wa kuyapokea." Walijaliwa watoto watatu walio hai, Sixbert aliyezaliwa mwaka 1971, Aneth mwaka 1976 na Peniel mwaka 1983, na mwingine mmoja alitangulia akiwa mchanga. Filipo naye alituacha tarehe 2 Novemba 2011, na wifi yangu hakuondoka kwenye mji huu hata siku moja kwenda kukaa kwa watoto mjini, alisema kule kuku wanafugwa kwenye waya kama wafungwa.

Kazi yake mnaijua wote, na waliokuwa hawaijui wameiona asubuhi hii, maana yale malori manne yaliyoegeshwa pale njia panda hayakuharibika, ni madereva wamekuja kumzika. Kuanzia mwaka 1974 mpaka mwaka 2022 marehemu aliuza vitunguu na kuku wa kienyeji pale barabarani, kwanza kwenye gunia, baadaye kwenye kibanda, na kuanzia Nzega mpaka Dodoma dereva akitaka kuku asiyedanganya alisema nikasimame kwa Semeni, wengine wameanza kusimama wakiwa matingo, wasaidizi wa dereva, na leo wana wajukuu. Nayaandika haya kwa sababu jina ambalo lilitajwa ndani ya malori ya watu, ndani ya nyumba yake mwenyewe lilikosa mahali pa kukaa, na hapo ndipo historia hii inapouma, nami sina jinsi ya kuiruka.

Majina yana msimu kama vitunguu. Katikati ya miaka ya sabini walimu wakaja wengi vijijini, na mwalimu akiita Semeni darasa linacheka, kwa hiyo wazazi wakaanza kutafuta majina yasiyochekwa, zikaja Neema na Zawadi, wakaja kina Aneth, baadaye wakaja Happiness na Gladness na Brightness, nyumba nzima ikawa na furaha na nuru wakati taa ya mafuta hawana. Semeni Mrefu alihamia Manyoni na watoto wake wakamzika kama Mama Joyce, Semeni wa Mashine yuko hai, yule pale amevaa kitenge cha bluu, hebu mwulizeni mjukuu wake bibi yake anaitwa nani, atawaambia Bibi Kiomboi. Na kwenye michezo ya televisheni Semeni amekuwa jina la mfanyakazi wa ndani asiyejua kuwasha jiko la gesi. Hatukuliua jina hili kwa rungu, tuliliua kwa kulionea haya.

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza husemwa analilia jina, wanawake wanakaa, majina ya ukoo yanatajwa moja baada ya jingine, na linalomnyamazisha ndilo lake, na kwenye ukoo huu anayetaja ni wifi, mwenye jina akiwa hai hawezi kujitaja, atakaa kimya asikilize. Na kwa kina Semeni kule Puma kulikuwa na lao la ziada, mwenye jina humletea wajina wake, yaani mtoto aliyepewa jina hilo, tetea mmoja, ili mtoto aanze maisha na mali yake mwenyewe. Mwaka 1996, tarehe 20 Aprili, mke wa Sixbert alijifungua binti kule Utemini, na marehemu akaenda na tetea mweupe mwenye kishungi, amemfunga miguu kwa utambaa wa kanga, akamweka chini ya kiti chake, akakaa.

Mkwe wetu, ambaye leo tunamwita Mama Glory na yuko hapa mbele na ananikazia macho, mwanangu usinikazie macho, nimekuomba ruhusa, alinivuta jikoni siku ile akanisalimia mara mbili, akasema, "Shikamoo shangazi, nina ombi, msije mkaita mwanangu Semeni, mimi ni mwalimu, nawajua watoto, watamla mzima", na kabla sijajibu akanitolea kitenge cha wax, kipya, bado kina karatasi. Nikarudi sebuleni. Mtoto analia, nikamtaja Kristina, nikamtaja Rebeka mama yetu, nikawataja shangazi zetu wawili na bibi aliyekufa kwa ndui, mtoto analia tu, kisha muuguzi wa jirani akamtilia dawa ya tumbo kijiko kimoja, akacheua, akanyamaza, na ilitokea nilikuwa nimerudia Rebeka, wote wakapiga vigelegele, na hata hilo Rebeka lenyewe halikutumika, wiki iliyofuata akaitwa Glory. Semeni akainama akamchukua tetea wake chini ya kiti, akaniambia kwa upole kabisa, "Wifi, umesahau moja", nami nikamjibu, "Yametosha, mtoto amenyamaza." Akapanda basi na kuku wake kurudi Misigiri.

Mwaka 2001, tarehe 9 Julai, Aneth alijifungua hapahapa nyumbani, na tetea wa safari hii alikuwa mtoto wa yule wa kwanza, mweupe vilevile, lakini Aneth alilia kuliko mtoto wake, akasema, "Mama, usikasirike, mimi nimesoma nikiimbiwa jina lako njia nzima kwenda shule, siwezi kumwimbisha na huyu", na mtoto akapewa jina la muuguzi aliyemzalisha, ndiye huyu Winfrida. Nilikuwepo, sikutaja. Wakaja mabinti wa Peniel, wawili, majina yao yametoka kwenye simu, la yule mdogo mpaka leo nalitamka nikiwa nimekaa chini, na kila mara Semeni alifika na tetea mweupe na kila mara aliondoka naye, na kuku wale wakazaliana uani wakawa kundi lao, yeye mfanyabiashara wa kuku hakuwahi kuuza hata mmoja. Dereva akimwonyesha mweupe anamwambia, "Hao wana mwenyewe", na akiulizwa mwenyewe yuko wapi anasema bado hajafika.

Msidhani aliomba au alinuna. Mara moja tu alilisema, ilikuwa mwaka 2019, tunapepeta alizeti pale nyuma, mimi nimeshaanza kumsimulia habari za mke wa fundi, yeye akanikatisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake maana alizipenda habari zile kama mimi, akasema, "Wifi, wote mnaoniita Semeni mmebaki wazee, mkiisha ninyi nani atajua kwamba mama yangu alinyamaza kwa ajili ya baba?" Nikamwambia pepeta, upepo unaisha. Hilo ndilo jibu nililompa.

Ugonjwa ulianza mwaka 2022, kisukari kwanza, kikakaa kwenye mguu wa kushoto, akaacha kibanda, na tarehe 11 Mei mwaka huu wa 2025 presha ilimpanda akiwa anawapa kuku maji, upande wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito, tukamkimbiza hospitali Singida mjini. Kule waliandika Febronia, kama kadi ilivyosema, na asubuhi daktari anapita anamwita, "Bibi Febronia, Bibi Febronia", bibi anatazama ukuta, wakaandika hasikii, wakataka kumpima masikio, hayo masikio ya mzee Paulo. Mimi nilikuwa nimeleta uji, nikamwambia muuguzi, "Binti, hujamwita bado, mwite Semeni." Akamwita. Wifi yangu akageuza kichwa, akafungua macho, akacheka upande mmoja wa mdomo ule uliobaki na nguvu, na tangu siku hiyo zamu kwa zamu waliambizana, mpaka mfagiaji alikuwa anamsalimia, "Shikamoo Bibi Semeni", nami nikakaa pale na uji wangu nikiona wageni wanampa bure kile tulichomnyima sisi.

Winfrida naye alikuwepo siku ile, mjamzito wa miezi tisa, ameshika kiuno, akaliona lile cheko, na Jumanne tarehe 27 Mei akajifungua binti katika hospitali hiyohiyo, wodi ya upande wa pili wa ua. Aliporuhusiwa alituuliza mimi na Aneth, "Nikamwonyeshe bibi?", nasi kwa pamoja tukasema subiri, mgonjwa na mtoto mchanga hawakutanishwi, subiri kitovu kidondoke, mtoto apewe jina kwa utaratibu, ndipo apelekwe. Utaratibu, neno lenyewe lilinitoka mimi. Alhamisi tarehe 5 Juni, saa kumi na moja alfajiri, Semeni binti Paulo akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, na siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri kitovu cha mtoto kikadondoka.

Nimebakiza ya jana, na hili linawahusu ninyi wote mliokula hapa. Tulipoagiza vijana wakamate kuku wa kitoweo hakuna aliyewaambia ni wepi wa kuacha, sisi wenye nyumba tulikuwa na yetu ya kulia, na vijana wakaona kundi jeupe, zuri, limenona, halikimbii watu, wakaanzia hapo. Kwa hiyo ule mchuzi mliousifia jana mchana, ndugu zangu wa Puma, mkauliza kuku wa Misigiri wanalishwa nini, ulikuwa mchuzi wa kuku wa wajina, tumeula sisi kwa sisi tukiomboleza. Mimi nilikula paja. Nilijua nilipokwenda kumwaga maji, nikaona manyoya meupe yamejaa kwenye mchongoma kama pamba, nikakaa chini palepale.

Jioni mtoto wa Winfrida akaanza kulia katika chumba cha marehemu, akalia mpaka wanawake wa jumuiya wakaja wenyewe, wakasema huyu analilia jina, Magdalena aje ataje, nikaletwa nikiwa bado nanuka vitunguu vya mchuzi ule. Nikaanza kama nilivyozoea, Kristina, Rebeka, na ndipo Mama Glory, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, akanisogelea akasema bila kuniangalia, "Shangazi, taja na lile moja." Nikalitaja. Nikaita Semeni, wanawake wamejiandaa kwa vigelegele, na mtoto, jamani, mtoto akazidisha. Nikaita tena, akalia mpaka akawa mwekundu, nikaita mara ya tatu, nadhani hata pale barabarani mlimsikia, na mama mmoja pembeni akanong'ona, "Amekataa, tumechelewa."

Winfrida akanyoosha mikono akasema, "Bibi, hajakataa kitu, ana njaa, nipeni mwanangu." Akamweka kifuani, mtoto akanyonya, kisha Winfrida akasema bila hasira, afadhali angekuwa na hasira, "Na jina nilimpa Jumanne ileile aliyozaliwa, nilitaka kwenda kumwambia bibi mwenyewe, ni hatua za kuvuka ua tu, ninyi ndio mlinizuia." Aneth akatoka nje. Mama Glory akajifunika kanga. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba, kinywa changu kikiwa wazi na hakina kazi tena.

Leo asubuhi Noel fundi seremala amefuta msalaba akaandika upya, kwa hiyo mtakaoubeba muangalie, rangi ya neno la kwanza bado mbichi. Na Sixbert alizunguka uani kabla ya misa, na tai yake, akiinama chini ya kila kitu, akapata kuku mmoja mweupe mwenye kishungi nyuma ya matenga ya vitunguu, analalia mayai, ndiyo maana vijana hawakumwona, hatuwezi kumsogeza mpaka atotoe, akitotoa atapelekwa kwa mwenyewe na vifaranga wake wote, na atakayemgusa kabla ya hapo tutaonana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia marehemu, na hasa yule binti aliyekubali kumwita kwa jina alilolitambua, inamshukuru Baba Paroko na jumuiya, inawashukuru majirani mliotoa maturubai, maji na kuni, wakwe zetu wa Puma mliotupa mwanenu tukamtunza kwa kila kitu isipokuwa hiki kimoja, wanawake wenzake wa barabarani waliofunga vibanda leo, na madereva mliosimama, najua mna mizigo inawasubiri. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, na mimi hasa sina haki tena ya kusema nimesahau.

Wifi yangu, siku ile Utemini sikusahau. Nililijua, lilikuwa hapa kwenye ulimi. Mama yako alinyamaza kumficha mumewe, mimi nilinyamaza kwa kitenge, na chenyewe kilichuja mwaka uleule.

Ninyi mnaogeuka kutafuta ni nani analia nyuma ya turubai wakati historia inasomwa, acheni kumzomea mama yake, mtoto huyo hasumbui msiba, anaitwa Semeni, ana siku kumi na moja, na amekuja kumzika mwenye jina. Pumzika, wifi, pumzika kwa amani, huyo hapo unamsikia.